Jinsi ya Kuwatenganisha Wachina Mashuhuri Wenye Jina Moja

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2021 nilisoma habari za michezo kwenye redio moja ndogo hapa Mombasa. Nikasema Liu Yang wa Uchina ameshinda medali ya dhahabu ya jimnastiki kwenye Olimpiki ya Tokyo, katika zile pete mbili zinazoning'inia. Hadi hapo nilikuwa sawa. Kisha nikaongeza jambo nililoliokota mbiombio kwenye simu: kwamba Liu Yang huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa Uchina kwenda anga za juu. Matangazo ya biashara hayajesha, simu ya studio ikalia. Alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Kuze, mwalimu mstaafu, msikilizaji wetu wa siku nyingi.

"Mwanangu," akaniambia, "pete ni mchezo wa wanaume. Hao ni watu wawili."

Alisema kweli. Liu Yang mwanaanga ni mwanamke aliyezaliwa 1978 katika mkoa wa Henan, rubani wa jeshi, aliyerushwa na chombo cha Shenzhou 9 mwezi Juni 2012 na kurudi tena angani mwaka 2022. Liu Yang wa pete ni mwanamume aliyezaliwa 1994 huko Anshan, mkoa wa Liaoning. Majina yao yanaandikwa kwa herufi zilezile mbili, 刘洋, bila tofauti hata ya nukta. Nilirudi hewani nikasahihisha, lakini usiku ule usingizi haukuja.

Kosa lenyewe lilipata maficho ndani ya lugha yetu. Kiswahili husema "alishinda", "alirushwa", na msikilizaji hajui kama ni mume au mke. Kichina cha mdomoni ni vivyo hivyo: neno tā ni yeye wa kiume na yeye wa kike, hadi liandikwe ndipo litengane, 他 kwa mwanamume na 她 kwa mwanamke. Kwa hiyo habari ya Kichina ikiingia kwenye Kiswahili, ile kengele ambayo ingetuamsha hailii.

Mimi jambo hili linanigusa mwilini. Naitwa Fatma. Madrasa tuliyosoma Mji wa Kale tulikuwa akina Fatma watano darasa moja, na ustadhi alitupanga vizuri: Fatma Mrefu, Fatma wa Kibokoni, Fatma binti Nahodha, Fatma Pacha, na mimi Fatma Miwani. Hatukuona ajabu. Nilipokuwa mtu mzima, kwenye zahanati moja nilitolewa faili ya Fatma mwingine ambaye hata jina la baba tumelingana, nusura nianzishiwe dawa za kisukari ambacho sina. Tangu hapo naamini kwamba kumpa mtu tendo la mwenziwe ni kumdhulumu mmoja na kumvisha mwingine nguo isiyo yake. Hii hapa njia ninayoifuata sasa, kabla sijamtaja Mchina yeyote mwenye sifa.

Anza kwa kujua ukoo ni upi

Mchina hutanguliza jina la ukoo, kisha jina lake mwenyewe. Wang Hao ni Hao wa ukoo wa Wang. Magazeti ya Magharibi mara nyingine huyageuza, na ndiyo maana mwanamantiki aliyefanya kazi Marekani utamkuta kaandikwa Hao Wang. Ubao wa matokeo ya Olimpiki unakusaidia: ukoo huwekwa kwa herufi kubwa zote, WANG Hao. Mwanamke wa Kichina akiolewa kwa kawaida habadilishi ukoo wake, kwa hiyo usimtafute mtu kwa jina la mumewe.

Majina yanagongana sana kwa sababu koo ni chache na watu ni wengi. Wang, Li, Zhang, Liu na Chen ndizo koo tano kubwa kabisa, na Wang na Li kila mmoja una watu karibu milioni 100. Sisi Pwani tunaye Mohamed bin Salim bin Ali, mnyororo wa kumshika mtu hadi kwa babu. Jina la Kichina halina mnyororo huo. Baada ya ukoo huja herufi moja au mbili tu, basi. Waliozaliwa kuanzia miaka ya 1970 hadi 1990 wengi walipewa herufi moja, na hapo ndipo Li Na na Wang Wei walipojaa kama dagaa. Ukiona jina la silabi mbili tu, ukoo na herufi moja, tega masikio.

Tafuta toni

Majina tunayoyasoma yameandikwa kwa Pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa alfabeti ya Kilatini uliopitishwa Uchina mwaka 1958. Pinyin kamili ina alama za toni juu ya irabu. Magazeti, pasipoti na mabao ya michezo huziacha alama hizo, na zikiachwa, majina manne huwa moja.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili kwa shida. Tamka barabára, njia ya magari. Sasa tamka barábara, yaani sawasawa. Maandishi ni yaleyale, maana mbali. Sisi tunaweka mkazo, Wachina wanapandisha na kushusha sauti. Toni ya kwanza ni sauti ya juu iliyonyooka, kama mwadhini anaposhikilia irabu moja. Ya pili hupanda, kama unapouliza "Ee?" kwa kuwa hukusikia. Ya tatu huzama kwanza ndipo ipande kidogo. Ya nne huanguka ghafla, kama mama anapomkanya mtoto, "We!"

Aliyenifunza hayo ni shemeji yangu, anayekwenda Guangzhou kuleta vyombo vya jikoni na kuviuza Marikiti. Kwenye simu yake nilikuta Wang Wei Sufuria, Wang Wei Mapazia na Wang Wei Meli. Nikamwambia, maskini, wamefanana majina wote watatu. Akanijibu, "Shemeji, haya majina ni matatu mbalimbali. Ni nyinyi mnaoyasikia moja." Kisha akanitamkia, na kweli kila moja lilipita njia yake.

Jaribu kwa Wang Wei mashuhuri, utaona toni zote nne zimetimia. Wāng usiiguse kwanza, huo ni ukoo mwingine nitaurudia. Hapa ukoo ni Wáng, 王, ambao maana yake ni mfalme. Wáng Wēi, 王微, ni mwanamke mshairi wa Yangzhou aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Ming, karne ya 17. Wáng Wéi, 王维, ni mshairi na mchoraji wa enzi ya Tang, karne ya 8, afisa wa serikali aliyekuwa na shamba lake bondeni Wangchuan, na mashairi yake mafupi ya milima na ukimya husomwa na watoto wa Kichina mpaka leo. Wáng Wěi, 王伟, ni rubani wa ndege ya kivita aliyepotea baharini karibu na kisiwa cha Hainan tarehe 1 Aprili 2001, ndege yake ilipogongana na ndege ya upelelezi ya Marekani. Wáng Wèi, 王卫, ni mfanyabiashara aliyezaliwa 1970, mwanzilishi wa kampuni ya kusafirisha vifurushi ya SF Express aliyoianzisha 1993 huko Shunde, Guangdong.

Angalia mtego uliopo. Ukiandika "mshairi Wang Wei" unadhani umemaliza, kumbe washairi ni wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na baina yao kuna takriban miaka 900.

Kuipata toni si kazi. Nakili herufi za Kichina, zibandike kwenye programu ya kutafsiri ya simu, bonyeza alama ya spika, sikiliza mara tatu. Mimi huandika alama kwa kalamu juu ya jina katika karatasi yangu ya kusomea, ijapokuwa mdomo wangu hautazifikia zote. Angalau macho yatajua.

Zitazame herufi kama unavyotazama uso

Toni ikilingana, bado kuna herufi. Usiogope kwamba hujui kusoma Kichina. Huhitaji kusoma, unahitaji kulinganisha, kama unavyolinganisha nambari za kontena bandarini, alama kwa alama.

Chukua Wang Meng. Yuko mchoraji wa milima wa enzi ya Yuan, mmoja wa mabingwa wanne wa uchoraji wa wakati huo, aliyefia gerezani mwaka 1385. Yuko mwandishi wa riwaya aliyezaliwa 1934, aliyekuwa Waziri wa Utamaduni kuanzia 1986 hadi 1989. Yuko mwanamke wa mbio fupi za kuteleza kwenye barafu, aliyezaliwa 1985, mwenye dhahabu nne za Olimpiki: moja ya Torino 2006 na tatu za Vancouver 2010. Mchoraji na mwandishi ni 王蒙 wote wawili. Mtelezaji ni 王濛. Itazame herufi ya pili upande wa kushoto: ina vitone vitatu vilivyopangana wima. Vitone hivyo ni alama ya maji. Binti wa barafu ana maji kwenye jina, na toni ni ileile ya pili, kwa hiyo sikio lisingekuambia kitu. Waziri wa kale wa karne ya 4, 王猛, yeye hujitenga kwa herufi na pia kwa toni ya tatu.

Tahadhari moja: herufi mbili tofauti si lazima ziwe watu wawili. Uchina bara hutumia herufi zilizorahisishwa, Taiwan na Hong Kong hutumia za zamani. Mshairi wa Tang ni 王维 huku na 王維 kule, mtu yuleyule. Tena Hong Kong 王 huandikwa Wong, na Wahokkien wa Singapore, Wachina wenye asili ya Fujian, huandika Ong. Wong anaweza pia kuwa 黄, ukoo mwingine kabisa. Hapo bila herufi huna lako.

Herufi zikilingana, shika mwaka, mji na kazi

Li Na ndiye atakayekushughulisha. Wote ni 李娜, wote ni wanawake, na wengi wao ni wanamichezo. Mcheza tenisi alizaliwa Wuhan mwaka 1982, akashinda mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa (Roland Garros) 2011 na ya Australia 2014, Mwasia wa kwanza kutwaa taji kubwa la tenisi kwa mchezaji mmoja mmoja. Mrukaji majini alizaliwa 1984. Kwenye Olimpiki ya Sydney 2000, akiwa na miaka 16, alipata dhahabu ya jukwaa la mita 10 pamoja na Sang Xue, na fedha aliporuka peke yake. Mcheza vitara, ule mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba, alizaliwa 1981 na alikuwamo kwenye timu iliyotwaa dhahabu London 2012. Miaka yao ya kuzaliwa imefuatana hivi kwamba "Li Na, mwanamichezo wa Uchina wa miaka ya 2000" ni maneno matupu.

Wa nne ni mwimbaji, aliyezaliwa 1963, sauti yake ya juu ilivuma Uchina nzima miaka ya 1990. Huyu jina la kuzaliwa ni Niu Zhihong. Li Na ni jina la jukwaani. Mwaka 1997 aliacha muziki akawa mtawa wa Kibudha na kuchukua jina la kidini. Namweka mbele ya wanafunzi wanaokuja kwetu mazoezini kwa sababu anawaonyesha kwamba jina linaweza kuvaliwa na kuvuliwa. Watu wa kale nao walikuwa na jina la utu uzima juu ya lile la kuzaliwa: Wang Wei wa Tang aliitwa pia Mojie, na Wang Meng mchoraji aliitwa Shuming. Ukilipata jina hilo umeshika kamba imara kuliko yote, maana ni nadra ligongane.

Sasa fungua daftari. Langu nimelipiga mistari safu sita: jina kwa Pinyin na toni, herufi, mume au mke, mwaka, mahali alipozaliwa, kazi. Sijazi safu kwa kukisia. Isiyojulikana hubaki wazi, na penye wazi mbili sisomi hewani.

Utaona faida yake kwa Wang Hao. Hili ndilo jina gumu kuliko yote niliyokutana nayo, na nilikaa nalo wiki mbili, jioni baada ya jioni, shemeji akinisaidia.

Mwanamantiki, 王浩, alizaliwa Jinan 1921 na kufariki 1995. Mwaka 1961 alibuni vigae vya kihesabu vinavyoitwa kwa jina lake, vigae vya Wang, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifanya kompyuta ithibitishe kanuni za mantiki. Mcheza tenisi ya meza, 王皓, alizaliwa 1983. Alifika fainali ya mchezaji mmoja mmoja katika Olimpiki tatu mfululizo, 2004, 2008 na 2012, na mara zote tatu akaondoka na fedha, ingawa dhahabu za timu alizipata Beijing na London. Bwana mkubwa wa sataranji (cheo cha juu kabisa cha mchezo huo, grandmaster), 王皓, alizaliwa Harbin 1989. Mwanamichezo wa matembezi ya kasi ya kilomita 20, 王浩, naye alizaliwa 1989. Huyu alimaliza wa pili kwenye Mashindano ya Dunia ya Berlin 2009, kisha miaka mingi baadaye Mrusi aliyemtangulia akanyang'anywa ushindi kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na dhahabu ikaja kwake. Haki iliyochelewa namna hiyo, halafu mtangazaji ampe mcheza sataranji? Haifai.

Ona sasa: herufi peke yake haitoshi, maana wa meza na wa sataranji ni 王皓 wote, na mwanamantiki na wa matembezi ni 王浩 wote. Mwaka peke yake hautoshi, maana 1989 ina wawili. Ukiziweka safu mbili pamoja, herufi na mwaka, wanne wote wanasimama kila mtu mahali pake.

Na wa tano? Olimpiki ya London 2012, kwenye kuruka majini kutoka jukwaa la mita 10, wanawake wawili wawili, Chen Ruolin alishinda dhahabu na mwenzake aliyeandikwa WANG Hao. Siku chache baadaye WANG Hao wa tenisi ya meza alishinda dhahabu ya timu. Ubao ni mmoja na jina ni moja. Lakini ukoo wa binti yule ni 汪, toni ya kwanza, Wāng, na ukiutazama utaviona vile vitone vitatu vya maji vikiegemea kile kiti cha mfalme 王. Ndiyo ile Wāng niliyokuambia usiiguse. Hawana hata ukoo mmoja.

Ukitaka kuthibitisha kwenye intaneti, usitafute kwa Pinyin peke yake, utamwagiwa bahari. Bandika herufi za jina kisha ongeza herufi za kazi: 网球 ni tenisi, 跳水 ni kuruka majini, 击剑 ni vitara, 歌手 ni mwimbaji, 体操 ni jimnastiki, 航天员 ni mwanaanga, 乒乓球 ni tenisi ya meza, 竞走 ni matembezi ya kasi, 国际象棋 ni sataranji, 诗人 ni mshairi. Kwenye orodha rasmi za Uchina, ukiona 女 kwenye mabano baada ya jina, huyo ni mwanamke. Asipowekewa alama, ni mwanamume.

Halafu liulize tendo lenyewe. Hili ndilo somo la mzee wa Kuze. Pete ni za wanaume. Olimpiki ya Sydney ilikuwa 2000, je, mtu wako alikuwa na umri gani? Je, rubani aliyepotea 2001 anaweza kutajwa akifanya biashara miaka ya baadaye? Maswali ya namna hii yanachukua nusu dakika.

Namna ya kulisema kwa Kiswahili

Mwisho, usimwachie msikilizaji kazi uliyokwisha kuifanya. Mara ya kwanza unapomtaja mtu, mpe "wa" yake palepale, kama tunavyoita watu mitaani: Li Na wa tenisi, Li Na wa vitara, Wang Meng wa barafu. Taja mwanamke au mwanamume waziwazi, kwa kuwa kitenzi chetu hakitasema. Na ikiwa mwenye jina lingine anajulikana zaidi, mtaje naye kwa sentensi moja, umwondoe njiani.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2024, pete zilipoisha Paris, niliisoma hivi: "Liu Yang, mwanamume wa miaka 29, mzaliwa wa Anshan, aliyeshinda pete Tokyo, leo ameshinda tena. Jina lake ni sawa na la Liu Yang mwanaanga, mwanamke wa kwanza wa Uchina kwenda anga za juu, lakini ni watu wawili." Simu ya studio ikalia. Mzee wa Kuze alitaka nimwandikie zile herufi mbili kwenye karatasi, kubwakubwa, kesho apite azichukue.